Kikao cha kila asubuhi kwenye timu za programu: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi: Wakuu, kikao cha dakika 15 kinavuka nusu saa, na watu wanatoka hawajui nani akamsaidie nani. Mnakiendeshaje?

FundiBodi: Acheni kuzunguka mtu kwa mtu. Fungueni bodi ya kazi, ile ambayo kila kadi ni kazi moja inayosogea kushoto kwenda kulia hadi iishe, muanze na kadi za kulia kabisa, zile zilizobakiza hatua moja kuisha, kisha mrudi kushoto. Kila kadi iulizwe: imekwama wapi, na leo nani anaisogeza? Mkianza na watu, kila mmoja anasoma kazi zake za jana kujitetea, na kadi isiyo na mwenyewe haitajwi. Mtu anasema "naendelea nayo" siku 3 mfululizo, kumbe msimbo wa programu uliisha Jumatatu na unasubiri mwenzake aukague. Kadi ikikutwa palepale asubuhi, ipigwe nukta nyekundu. Yenye nukta 3 inatangulia.

Mkaguzi: Naunga mkono. Hizo nukta zinaumbua mengi.

Skramu_halisi: Msitupe maswali matatu: jana, leo, kikwazo. Ndiyo Skramu yenyewe, ule utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi.

FundiBodi: Mkuu, Mwongozo wa Skramu wa 2020 uliyaondoa. Kinachotakiwa ni kupima mwendo kuelekea lengo la sprinti (hicho kipindi kifupi cha kazi), ndani ya dakika 15.

Skramu_halisi: Hata hivyo timu changa bila maswali hayo inabaki kimya.

Saa_ni_mali: Kinachoua kikao ni hiki: seva ya majaribio imeanguka, wawili wanabishana kuhusu hifadhidata, wengine 6 wamesimama dakika 40. Hizo ni saa 4 za kazi zimekwenda! Ubishi ukifika dakika 2, yeyote ainue mkono, jambo liandikwe pembeni mwa bodi, wahusika wabaki.

Mkaguzi: Seva ikianguka vunjeni kikao, wote wakaiokoe.

Saa_ni_mali: Watu 8 kwenye seva moja? Wawili wanatosha.

Dada_Ratiba: Wenye wenzao London, angalieni saa. Kikao cha saa 3:30 asubuhi kwao ni saa 5:30 Nairobi, lakini saa zao zikirudi nyuma mwisho wa Oktoba kinakuwa saa 6:30, watu wako kwenye chakula. Kipangeni kwa saa za Nairobi.

Mwanzisha uzi: Na meneja akiwepo?

FundiBodi: Akae, asikilize. Wakianza kumtazama yeye wakiongea, asogee nyuma yao, macho yarudi kwenye bodi.