Beetle ya marehemu mzee haina nguvu tangu ibadilishwe pointi, naombeni ushauri wa taimingi

Mwana_Iringa
Habari zenu wakuu. Nina Volkswagen Beetle ya 1972 aliyoniachia marehemu baba, injini 1600. Mwezi uliopita fundi alibadilisha pointi (swichi ndogo ya cheche ndani ya distributa), kondensa na plagi, akapanga na taimingi (wakati wa cheche kuruka). Tangu siku hiyo nguvu hakuna. Juzi napanda mlima Kitonga, lori lililosheheni mahindi likanipita. Asubuhi kuwaka ni kazi, nikiachia mafuta inapiga risasi kwenye ekzosti, na joto lake linatisha. Distributa ni Bosch 009, ile isiyo na kikombe cha vakyumu. Kabureta nimesafisha. Fundi anasema injini imechoka, ifunguliwe. Hela hiyo sina, na gari hili ndilo lililotupeleka shule sote. Nianzie wapi?

Kobe1300
Pole mkuu. Usifungue injini kabla hujafungua kifuniko cha distributa. Pima nafasi ya pointi kwa fila (kipimio chembamba cha bati), iwe milimita 0.4. Lazima uanze hapo, kwani ukigusa pointi taimingi nayo inahama: zikibanana cheche inachelewa, zikiachana inawahi. Je, alipaka grisi kidogo kwenye kemu, yaani ile pembe ya shafti inayofungua pointi? Bila grisi, kile kinundu cha pointi huliwa upesi na nafasi inaziba.

Mwana_Iringa
Nimekuta 0.25, na grisi hakuna kabisa. Nimerudisha 0.4, nikapanga taimingi upya kwa taa, alama ya puli (gurudumu la mkanda) ikilingana na mshono wa injini. Sasa inawaka vizuri, ila mlimani bado nzito.

Gereji_ya_Zamani
Puli ina alama ngapi?

Mwana_Iringa
Moja tu, mkuu.

Gereji_ya_Zamani
Basi usiiamini. Puli hizi zimebadilishwa sana miaka yote hii. Zipo zenye alama ya nyuzi 7.5 kabla ya topu (pistoni ikiwa juu kabisa), na zipo zenye alama moja ya nyuzi 5 *baada* ya topu. 009 huanzia 7.5 kabla. Ukipangia alama isiyo yake, umechelewesha cheche kwa nyuzi 12.5, na moto unamalizikia kwenye ekzosti. Hilo joto linatoka huko.

Tafuta topu mwenyewe. Toa plagi zote. Silinda namba 1 ni ya mbele kulia, kwetu abiria hukaa kushoto, usichanganye. Funga humo plagi kuukuu iliyotobolewa na kutiwa bolti butu ndefu. Zungusha puli kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse, weka alama kwenye puli usawa wa mshono. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama. Katikati ya alama hizo ndiyo topu. Sasa zungusha kamba kwenye puli, pima urefu wake, gawa kwa 48: hizo ndizo nyuzi 7.5. Ukisimama nyuma ya gari, alama mpya inakaa kulia kwa topu.

Toa ile bolti, leta alama mpya usawa wa mshono, kisha taa ya majaribio: waya mmoja kwenye koili namba 1, mwingine kwenye chuma cha bodi, swichi iwashwe, rota (kidole kinachozunguka ndani ya distributa) ikielekea mkwaruzo wa ukingo wa distributa. Zungusha distributa upande wa saa taa izime, kisha irudishe polepole. Taa ikiwaka tu, kaza. Usiache swichi muda mrefu, koili itaungua.

Dereva_Mzee
Mimi miaka yote napanga kwa sikio, inatosha.

Gereji_ya_Zamani
Kwa sikio utaiwahisha kupita kiasi, mzee wangu. Injini inayopozwa kwa upepo ikigonga mlimani, sauti ya feni inaificha, na pistoni inatoboka bila wewe kujua.

Mwana_Iringa
Wakuu, mzingo wa puli ni sentimita 55, kwa hiyo 7.5 ni milimita 11.5. Ile alama niliyokuwa naitumia iko *kushoto* kwa topu, karibu milimita 8! Nimepanga upya, Kitonga nimepanda jana bila kuhangaika, ekzosti kimya. Asanteni sana, nimefurahi mno. Kimebaki kimoja: saileni (mzunguko wa injini gari likisimama) inapandashuka, na shafti ya distributa nikiitikisa inachezacheza.

Kobe1300
Bushi zimekwisha. Shafti ikicheza, nafasi ya pointi haitulii. Peleka kwa mchonga vyuma akutengenezee bushi za shaba, kisha urudie pointi na taimingi.