Tupeane uzoefu: Maonyesho makubwa ya kadi na vitu vya kukusanya, ujiandaeje na ukague nini mezani?

#1
Wakuu, msimu wa maonyesho ukikaribia maswali huwa yale yale, basi tuyamalize hapa. Tusiandike nani alipata nini. Tuandike hatua, vipimo, na sababu ya mambo kuharibika. Naanza na mkoba.

Kadi ya kawaida ya wanamichezo, au ya michezo ya kadi kama Pokémon na Magic, ina upana wa milimita 63 hivi na urefu wa 88 hivi. Za Yu-Gi-Oh! ni ndogo, 59 kwa 86, kwa hiyo zina mifuko yake. Mpangilio ni huu: kwanza mfuko laini mwembamba, halafu ndipo toploda, lile kasha gumu lenye mdomo juu. Ukiruka mfuko, plastiki ngumu inakwaruza uso wa kadi kila inapoingia na kutoka. Mifuko iwe ya polipropilini. Ile ya PVC laini inatoa mafuta kadiri miaka inavyokwenda, na wino unanata kwenye plastiki.

Unene wa kadi hupimwa kwa pointi, na pointi 1 ni sehemu ya elfu ya inchi. Toploda ya kawaida ni ya pointi 35. Kadi iliyowekewa kipande cha jezi ya mchezaji inaweza kufika pointi 130 au zaidi. Ukiilazimisha kwenye ya 35 kona zinafumuka, na ukiiweka kadi nyembamba kwenye ya 130 inacheza humo ndani njia nzima na kona zinagongwa. Beba saizi mbili tatu.

Mdomo wa toploda ufunge kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, ukiacha ncha moja imekunjwa ili ibanduke kwa urahisi. Selotepu inaacha gundi mdomoni, na kadi ikitolewa inapita juu ya gundi hiyo. Kadi nyingi nzuri zimeharibikia hapo.

#2
Naongezea upande wa pesa. Noti ziwe ndogo ndogo, zigawanywe kwenye bahasha mbili au tatu, na usifungue zote mbele ya meza. Muuzaji akiona bunda, mazungumzo ya bei yanabadilika.

Bei unayoifuata ni ya mauzo yaliyokamilika, si ile ambayo mtu ameandika mtandaoni akitamani kuipata. Chukua mauzo matatu hadi matano ya karibuni ya kadi ile ile katika hali ile ile, na uyahifadhi kama picha kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Ukumbini maelfu ya watu wanagombea mnara mmoja, mtandao unagoma saa ile ile unayouhitaji.

Ukitaka punguzo, kusanya kadi nne tano za meza moja uulize bei ya jumla. Kuvutana kwa kadi moja moja kunamchosha muuzaji na hakukupi kitu. Ukiuza au kubadilishana, tegemea ofa ya fedha taslimu iwe chini ya ofa ya kubadilishana, kwa sababu taslimu ni mtaji unaomtoka leo, wakati kadi yako bado inamsubiri mnunuzi. Hiyo si dharau, ndivyo biashara ilivyo.

Muda nao una hesabu yake. Vitu adimu huondoka saa za mwanzo, tena vingine hununuliwa na wauzaji wenyewe kwa wenyewe kabla milango haijafunguliwa. Bei hulegea saa za mwisho, mtu anapofikiria kubeba makasha kurudi nayo. Kwenye maonyesho kama National ya Marekani, yaliyoanza mwaka 1980 na siku hizi huchukua siku tano, hakuna anayemaliza ukumbi kwa kutangatanga. Chukua ramani ya meza, weka alama kwa namba, na siku ya kwanza ipe meza zenye kile ulichokuja kutafuta.

#3
Mimi nataka tukae kwenye mwanga, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Taa za ukumbi ziko juu sana na mwanga wake umetawanyika. Mwanga wa namna hiyo unafuta mikwaruzo. Kadi inayoonekana safi kabisa mezani, ukiifikisha nyumbani chini ya taa moja inaonyesha mistari kama kioo kilichofutwa kwa mchanga. Dawa yake ni tochi ya simu. Iweke ubavuni, karibu ilale sawa na meza, kisha igeuze kadi polepole. Mkwaruzo utawaka mara moja na kuzimika. Mstari wa kiwandani huwa umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, mkwaruzo wa mkono unapinda au unakatika katikati. Mkunjo utafute kwa nyuma, kwa sababu mbele rangi na mng'ao vinauficha.

Kona zitazame juu ya kitu cheusi. Kwa Pokémon anza na mgongo wa buluu, ambako weupe mdogo kabisa ukingoni unajitangaza wenyewe.

Omba ruhusa kabla ya kutoa kadi. Bana mbavu za toploda karibu na mdomo, inamisha, mfuko uteleze wenyewe juu ya kitambaa cha meza. Usivute kwa kona, na usiinyanyue kadi juu ya sakafu ya saruji.

Ulinganifu wa pambizo upime kwa rula ndogo inayopitisha mwanga. Kushoto milimita 3, kulia milimita 2, jumla 5: hiyo ni 60 kwa 40. Fanya hivyo juu na chini pia, halafu nyuma. Macho peke yake yanadanganywa na picha iliyochorwa kuegemea upande mmoja.

#4
Mkuu hapo juu amegusa mikwaruzo, mimi niseme bandia na zilizokatwa.

Lenzi ya kukuza mara 30 inatosha. Picha ya kadi halisi ni vidoa vya rangi vilivyopangwa kama maua madogo. Maandishi meusi kwa kawaida hupigwa kwa tabaka lake, kwa hiyo ni meusi ya kujaa na kingo kali. Kadi iliyonakiliwa kwa skana, herufi nazo zimevunjika kuwa vidoa. Kwa Magic geuza nyuma, angalia duara la kijani kati ya yale matano ya rangi: ndani yake kuna vidoa vinne vyekundu vilivyokaa kama herufi L.

Kadi za kale, beba tochi ya urujuanimno. Karatasi zilianza kuwekwa kemikali za kung'arisha weupe katikati ya karne ya 20. Kadi inayouzwa kama ya 1910 ikiwaka buluu nyeupe chini ya tochi hiyo, irudishe mezani bila mjadala.

Iliyokatwa itambue kwa kuilaza juu ya kadi ya bei rahisi ya seti ile ile. Ikipungua upande mmoja, au ukingo mmoja ukiwa mkali na mweupe kuliko mitatu iliyobaki, kuna mtu ameondoa kona zilizochakaa. Kampuni zinazopima hali ya kadi hazitaipa daraja.

#5
Kuhusu kadi zilizokwisha kupewa daraja na kufungwa kwenye kasha na kampuni hizo za madaraja, kama PSA, SGC, Beckett au CGC: namba ya cheti ikikubali mtandaoni, kazi haijaisha. Waghushi hunakili namba halisi. Kama kampuni imeweka picha ya kadi yenyewe, linganisha pambizo na vidoa vya wino, maana hakuna kadi mbili zinazofanana kwa vyote hivyo. Kisha pitisha kidole kwenye maungio ya kasha. Ukungu mweupe, nyufa au dalili ya gundi vinamaanisha limefunguliwa. Na kadi mbili zenye daraja la 9 si lazima zilingane. Nunua ile yenye mvuto kwa macho.

#6
Ukitaka kukabidhi kadi zipimwe pale pale, jaza fomu nyumbani, maana foleni ni ndefu na makosa ya mwaka au namba ya seti yanachelewesha kifurushi kizima. Tumia kishikio kinachopinda kidogo, si toploda, kwa kuwa mpimaji anaitoa kadi bila kuivuta. Alama za vidole futa kwa kitambaa cha mikrofaiba kikavu, taratibu. Nta au dawa yoyote ikigundulika, kadi inaweza kurudi imeandikwa kwamba imebadilishwa.

Wakati wa kurudi, usiache mkoba ndani ya gari juani. Kadi za foili, zile zenye uso unaong'aa kama madini, zina karatasi inayonyonya na kutoa unyevu, na tabaka la foili lisilofanya hivyo. Karatasi ikivimba au kusinyaa, kadi inajipinda. Weka pakiti za jeli ya silika kwenye kasha linalofunga vizuri, unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Iliyokwisha kujipinda iache humo siku kadhaa inyooke yenyewe. Ukiibana chini ya vitabu, mfuko unaiachia alama usoni.