Mrejesho: maembe yamekauka, nyanya bado

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini maembe ninayoanika hapa Malindi huota ukungu kabla ya kukauka. Ahsanteni sana. Ngowe, aina ya embe nilizonazo, nimezikata vipande vya unene wa milimita 5, nikachovya kwenye maji ya ndimu, nikazipanga juu ya wavu ndani ya sanduku la nailoni angavu lenye matundu chini na juu, ili hewa moto ipande na kutoka na unyevu. Lililosaidia zaidi ni kuingiza wavu ndani kabla ya magharibi. Umande wa pwani huzilowesha upya. Sasa kipande chakunjika bila kunata. Nyanya zimekauka kingoni, katikati zikachachuka. Zijazo nitazitoa mbegu, nizinyunyizie chumvi, nizianike upande uliokatwa ukiwa juu.