Kereng'ende wa njano wanaokuja na mvua

Mkulima_Kilifi: Wadau habari zenu, hivi hawa kereng'ende wa njano wanaojaa shambani mvua za vuli zikianza wanatoka wapi, maana jana walikuwa wengi ajabu na hawatui kabisa?

BabuPwani: Huyo ni Pantala flavescens mdogo wangu, mabawa ya nyuma ni mapana sana pale yanapoungana na mwili ndo maana anaelea na upepo masaa na masaa, wale wanavuka Bahari ya Hindi toka India kupitia Maldivi, mdudu wa sentimita 5 hivi tu! Akitua ananing'inia wima kwenye kijiti.

Dada_Mtwapa: Wanataga kwenye madimbwi ya mvua, watoto wanakua fasta kabla maji hayajakauka. Msiwaue jamani, wanakula mbu.