"Until" au "by"? Mgeni wangu aliamka alfajiri bure

Mapokezi_Paje: Assalam aleykum. Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni huku Paje. Juzi nilimwandikia mgeni, mama mtu mzima aliyechoka na safari: "Breakfast will be ready until 7." Nilikusudia kwamba mpaka saa moja staftahi itakuwa mezani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikamkuta ukumbini, keshavaa, anahofia kuikosa. Nilimwomba radhi nikamchemshia chai, lakini jambo lile limenikaa rohoni. Nilikosea wapi? Halafu "at the beach" na "on the beach" zote nazisikia.

Mwalimu_Mstaafu: Wa aleykum salam, mwanangu. Kilichokuponza ni "mpaka", maana kwetu hubeba mambo mawili. Nililala mpaka saa moja: usingizi uliendelea, saa moja ukakoma. Hiyo ni "until". Mpaka saa moja nitakuwa nimefika: jambo litatimia saa hiyo au kabla yake. Hiyo ni "by". Wewe ulimwambia chakula kinaondolewa saa moja! Kwa kazi yako: "Please pay by Friday", lakini "The room is yours until 10".

Ufukweni nako, ni hiyo "-ni" yetu. Mezani pana watu wanakula, "at the table". Mezani pana sahani, "on the table". Anayekanyaga mchanga yuko "on the beach". Aliyekwenda huko kupumzika, hata kama kakaa mkahawani, ni "at the beach".

Dereva_Bububu: Dada, mimi hupokea wageni bandarini Malindi, hapa Unguja. Nilikuwa nasema "in the ferry" mpaka mmoja akanisahihisha: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on". "On the ferry", "on the bus". Gari langu dogo, "in the car". Na "arrive" usiitie "to": "arrive at the port", "arrive in Zanzibar". Naandika sentensi nzima daftarini, neno peke yake hunitoroka.

Mwalimu_Mstaafu: Kweli kabisa. Na mtumbwi, kwa kuwa ndani yake unakaa tu, ni "in a canoe".

Mapokezi_Paje: Shukrani mwalimu, shukrani kaka. Nimeandika karatasi mpya ya mlangoni: "Breakfast is served from 7 until 10. Please order lunch by 9." Nisomeeni kabla sijaibandika.

Mwalimu_Mstaafu: Iko sahihi, mwanangu. Bandika.