Jenereta, inveta au sola: umeme ukikatika kila jioni, kipi kinafaa?

Kibatari: Wakuu, umeme unakatika kwa muda wa saa nne karibu kila jioni, na hata ukiwepo unapanda na kushuka. Nina friji, tivi, taa sita na pasi. Nichukue jenereta ndogo, inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri, au sola kamili?

Waya Mwekundu: Piga hesabu kwanza, mkuu. Taa sita za LED za wati 9 ni 54. Tivi tuseme 80. Friji 120, ila mota huzunguka kama nusu ya muda. Kwa saa nne inakuja karibu wati-saa 780 (wati mara saa). Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 200, ina wati-saa 2,400, lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu. Inabaki 1,200, na inveta nayo inakula kidogo. Inatosha. Pasi isahau, peke yake inaweza kuvuta wati 1,000 na zaidi.

Mama Wawili: Pasi piga umeme ukiwepo! Mimi nilianza na jenereta, sirudi. Kelele sawa, ila moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu na inaua watu usingizini. Hata kibarazani karibu na dirisha usiiwashe.

Sina Foleni: Inveta bila paneli inategemea umeme huohuo unaokimbia. Ukikatika siku mbili, betri itajazwa na nini?

Mama Wawili: Hapo umenena. Na betri ya asidi ikikaa bila kujaa, inakufa mapema.

Kibatari: Na betri ya lithiamu?

Waya Mwekundu: Ghali mwanzoni, lakini unaishusha hadi asilimia 20 bila shida, na inavumilia kujazwa mara elfu kadhaa. Hakikisha chaja ya inveta ina mpangilio wa lithiamu. Inveta yenyewe iwe ya wimbi safi, yaani itoe umeme laini kama wa ukutani, la sivyo mota ya friji itanguruma na kupata joto. Tena friji likianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zake, kwa hiyo inveta ya wati 300 itazima papo hapo.

Sina Foleni: Nunua inveta yenye sehemu ya kuunganisha paneli, sola uongeze baadaye. Leo hii weka friji gadi. Umeme ukirudi kwa fujo, inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu friji.

Kibatari: Nimesoma kibandiko nyuma ya friji: wati 180, siyo 120. Narudia hesabu.