Likizo ya mwezi wa sita: kupiga kambi Hifadhi ya Arusha na watoto, na Mlima Meru wanafika wapi?

BabaWaTatu

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri kwa waliowahi kwenda, maana kila ninayemuuliza ananipeleka Serengeti na Ngorongoro na mimi sitaki watoto wakae kwenye gari kutwa nzima wanachungulia dirishani. Tupo Dar, mimi, mama yao na watoto watatu, mkubwa ana 14, wa kati 11, mdogo 7. Tunataka tulale kwenye hema, watembee kwa miguu, waone wanyama, na huyu mkubwa kashikilia kabisa anataka kupanda Meru, hataki kusikia kingine. Mke wangu anaogopa wanyama usiku, mimi naogopa baridi kwa huyu wa miaka 7. Je hema linalalika bila wasiwasi? Na mlimani watoto wanaishia wapi? Hatujawahi kulala porini kabisa kwahiyo nielezeni kama mtu asiyejua kitu.

Mzawa_Usa

Karibu sana mkuu, umechagua pazuri kweli. Mimi ni wa hukuhuku, kazi yangu ni ya mlimani, wageni wengi wanaipita hii hifadhi wakikimbilia huko kwingine na hawajui wanachokiacha.

Nianze na hofu ya shemeji. Simba hapa hawapo, hilo mwambie alale nalo. Chui wapo na fisi wapo, fisi mtamsikia usiku ila kumuona ni bahati. Mnyama wa kumheshimu hapa ni NYATI. Wako wengi, wanapenda zile nyasi fupi karibu na geti la Momella na wanatembea usiku mpaka maeneo ya kambi. Hema likiwa limefungwa zipu nyati hana habari nalo, shida inakuja mtu anapotoka saa nane usiku kwenda chooni bila kuangalia. Kwahiyo sheria ya nyumba iwe moja, hakuna anayetoka peke yake, fungua zipu kidogo, mulika tochi pande zote, angalia macho yanayong'aa, ukiona kitu unarudi ndani unasubiri. Kwa mtoto wa miaka 7 wekeni kindoo ndani ya hema, mmemaliza.

Mchana mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, hiyo ni lazima, huruhusiwi kushuka kwenye gari ukajitembelea tu. Watoto wakae nyuma ya askari, wasimpite, na wakikutana na nyati hakuna kukimbia hakuna kupiga kelele, wanamsikiliza yeye. Piga simu hifadhini mapema uulize umri wanaoruhusu kwa kila matembezi, usije ukafika getini na mdogo akabaki analia.

Sasa mlima. Meru una mita 4,566. Safari inaanzia Momella kwenye mita kama 1,500, siku ya kwanza unalala Miriakamba mita 2,514, ya pili Saddle mita 3,570, halafu usiku wa manane ndio mnaanza kwenda kileleni. Ile sehemu ya mwisho ni ukingo mwembamba, mawe, jivu la volkano, giza, baridi ya kuganda na upepo, na kushuka mnashuka mmechoka. Sio sehemu ya mtoto wa 7 wala wa 11, nakwambia hivi kama mzazi. Watu wanaudharau Meru kwasababu Kilimanjaro iko hapo jirani, wakifika Saddle ndio wanaelewa.

Ila chini yake kuna matembezi ambayo familia nzima inaweza na ndiyo yenye wanyama wengi! Kutoka Momella mnavuka uwanda, hapo twiga na ngiri na pundamilia mnawaona mkiwa kwa miguu, mnaingia msituni mnaenda maporomoko ya Tululusia, na juu zaidi kuna ule mkuyu mkubwa uliofanya tao juu ya barabara, gari linapita chini yake. Watoto wakishasimama chini ya ule mti hawaulizi tena habari za kilele.

mama_Nuru

Namuunga mkono Mzawa. Sisi tulienda na watoto wadogo, nikwambie ukweli kitu walichokipenda kuliko vyote ni mbega. Wale weusi wenye manyoya meupe marefu mgongoni na mkia kama ufagio, wanaruka mti mpaka mti yale manyoya yanapepea, watoto wangu walikaa kimya muda mrefu na hawa sio watoto wa kukaa kimya. Msiwapite haraka, mwambieni dereva azime gari pale msitu wa Ngurdoto muwasubiri. Lile bonde la Ngurdoto lenyewe halishukwi, mnaangalia kutoka juu ukingoni, bebeni darubini hata moja ya kugombania maana nyati kule chini wanaonekana vidoa tu.

Maziwa ya Momella nayo usiyaruke. Yapo kadhaa na kila moja lina rangi yake kwasababu chumvi yake inatofautiana, hata ndege wa ziwa hili sio wa lile. Heroe wanakuja na kuondoka kwahiyo usiwaahidi watoto kabla, waambie tu twende tukaangalie kama wapo. Na kwenye Momella ndogo kuna kuendesha mitumbwi, huyo wa 14 atasahau mlima kidogo.

Chakula ndugu yangu. Kima na nyani ni wezi wa mchana kweupe. Mkate, ndizi, sukari, vyote ndani ya gari, vioo juu, SIO ndani ya hema maana wanachana hema. Na usiwaache watoto wawarushie hata ganda la chungwa, nyani akishazoea kupewa anakuwa mkali kwa familia inayofuata.

Baridi ya mwezi wa sita huku sio ya Dar. Asubuhi ni ukungu, mlima hauonekani, watoto wanatetemeka. Tuliona hema sio shida, shida ni ardhi, baridi inapanda kutoka chini, kwahiyo kigodoro kizuri ni muhimu kuliko blanketi la tatu. Kofia ya sufu ya kulalia, soksi kavu zilizotengwa za usiku tu zisivaliwe mchana, na chupa ya maji ya moto kwenye begi la kulalia la mdogo. Uji asubuhi kabla ya kitu chochote.

Mkimbia_Lami

Mimi natofautiana kidogo na mzawa. Mpwa wangu alifika kileleni akiwa na miaka 15 na alirudi mtu mwingine kabisa. Huyo wa 14 kama ana mazoezi kwanini azuiwe? Wakati mwingine sisi wakubwa ndio tunaogopa.

Wanjiku_wa_Naks

Kama passport ziko na mnataka kitu kifupi kwanza mjaribu watoto, kujeni huku Naivasha, Kenya. Mlima Longonot ni mita 2,776, kutoka geti hadi ukingo wa shimo ni kilomita 3 na kidogo, halafu kuzunguka ukingo wote ni kama 7 zingine, unapanda na kushuka siku moja. Wa miaka 7 akifika ukingoni anatosha, sio lazima azunguke. Kesho yake mnaenda Hell's Gate, huko unatembea ama unaendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swara, na kuna kambi juu kwa miamba. Lakini ile korongo msiingie kama kuna dalili ya mvua hata ikiwa mbali, maji huja ghafla, 2019 watu walikufa huko ndani. Na mkilala kando ya ziwa hakikisheni kuna fensi ya umeme, viboko hutoka usiku kula nyasi.

Mzawa_Usa

@Mkimbia_Lami sijakataa mkuu, wapo vijana wa umri huo wanafika. Ninachokataa ni kwenda kileleni kwenye safari ya kwanza ya maisha kulala nje. Kijana wa Dar ametoka usawa wa bahari, juu ya mita 2,500 mwili unaanza kudai, kichwa kinauma, chakula hakipiti, anatapika, na kwasababu anataka sana kilele ATAFICHA. Hao ndio wanaoniogopesha, sio wanaolia. Dalili zikizidi dawa ni kushuka, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana.

Mimi ningefanya hivi BabaWaTatu. Siku mbili za mwanzo mko wote kambini, matembezi ya Tululusia, maziwa, Ngurdoto. Halafu wewe na mkubwa mnapanda Miriakamba na Saddle bila haraka, mkifika Saddle na yuko vizuri mnaenda Meru Ndogo, kilele kidogo cha pembeni, mchana kweupe, ni mwendo wa saa moja hivi, ni zaidi ya mita 3,800 na anga likiwa safi Kilimanjaro mnaiona yote. Huo ni mlima kamili. Kilele kitamsubiri.

BabaWaTatu

Nawashukuru sana wote, nimemsomea mama yao na ile ya simba imemtuliza, ya nyati imemwamsha tena ila amekubali habari ya kindoo hehe. Mkubwa nimemwonyesha ya Meru Ndogo, kanuna kidogo halafu akauliza kama huko juu kuna baridi kweli, nikajua kakubali. Maswali mawili ya mwisho. Mama na hawa wadogo wabaki wapi sisi tukiwa mlimani? Na viatu, raba za kawaida zinatosha?

mama_Nuru

Wasibaki kambini peke yao jamani. Kuna nyumba za wageni nyingi upande wa Usa River, wakae huko waoge maji ya moto, na hata kambini chagueni kambi ya umma yenye choo na maji, zile kambi maalum hazina kitu.

Mzawa_Usa

Raba kwa matembezi ya chini sawa kama soli ina meno. Kwa mkubwa nunua buti sasa hivi, namba moja zaidi ya mguu wake, avae kila jioni kuanzia leo apande nazo ngazi, na kucha akate kabla ya safari maana kwenye kushuka ndipo vidole vinaumia. Malipo fanya kabla, upewe namba ya malipo ulipie benki au simu, getini hawapokei noti.